Magic Kingdom na mama mzazi, watoto watatu na joto la Julai: tubebe nini na tuache nini?

Baba wa Watatu (Atlanta) anauliza:

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mungu akijalia, katikati ya Julai tutasafiri kwa gari hadi Florida, na siku moja ya mapumziko yetu tumeitenga kwa ajili ya Magic Kingdom, ile bustani ya kwanza ya Walt Disney World iliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na Orlando. Tutakuwa watu sita: mimi na mke wangu, binti yetu wa miaka 11, mvulana wa miaka 6, mtoto wa miezi tisa ambaye bado ananyonya, pamoja na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 68, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mama ana kisukari na huchoma insulini, na magoti yake hayamruhusu kutembea mwendo mrefu bila kupumzika.

Kinachonisumbua ni mizigo. Jana jioni tulikaa sebuleni, kila mmoja akataja anachokiona cha lazima, na tulipovikusanya vitu hivyo vilijaza mabegi matatu na deli moja la barafu. Mama anataka kupika pilau usiku wa kuamkia safari, tuibebe pamoja na mkeka wa kukalia na chupa yake kubwa ya chai. Mke wangu ameandaa nepi, uji wa mtoto na nguo za kubadili kwa watu wote. Nimejiuliza ni nani atakayevisukuma na kuvibeba vyote hivyo kutwa nzima, nikakosa jibu.

Hata hivyo naogopa kupunguza ovyo. Mwaka juzi tulikwenda katika bustani nyingine ya michezo tukiwa na vitu vichache mno, mvua kubwa ikatukuta saa nane mchana, mvulana akatetemeka ndani ya nguo mbichi, nasi tukarudi nyumbani siku ikiwa nusu. Nisingependa mama yangu apatwe na jambo kama hilo, kwa kuwa sijui kama atapata tena nafasi ya kuja huku. Naomba wenye uzoefu mniambie: nini kiwe mgongoni, nini kibaki garini, na nini kisitoke nyumbani kabisa?

Mama wa Tampa anajibu:

Wa aleikum salaam, kaka yangu, na hongera kwa kumtembeza mama.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba katika Magic Kingdom gari haliko karibu. Mtaegesha mbali, katika kituo cha usafiri kilicho ng'ambo ya ziwa, kisha mtapanda kivuko au treni ya reli moja ili kulifikia lango. Mtu akisahau kitu garini, safari ya kukifuata na kurudi inaweza kumla saa nzima au zaidi, hasa wakati wa msongamano. Kwa sababu hiyo mimi huhesabu kwamba kilichobaki garini hakipo. Garini tunaacha tu nguo safi za kuvaa wakati wa kurudi na maji ya njiani, basi.

Kuhusu kanuni, begi au deli halitakiwi kuzidi sentimita 61 kwa urefu, 38 kwa upana na 46 kwa kimo. Barafu ya vipande hairuhusiwi, hivyo tumia vile vifuko vya jeli vinavyogandishwa kwenye friza. Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa ilimradi hakihitaji kupashwa moto na hakimo ndani ya vyombo vya kioo. Vichupa vya chakula cha watoto wachanga pekee ndivyo vinavyosamehewa. Hapo uiangalie vizuri chupa ya chai ya mama, kwa maana zile chupa zetu za zamani zina kioo ndani hata kama nje ni bati. Mnunulie ya chuma kitupu, na uji wa mtoto uingie katika nyingine ya aina hiyo. Viti vya kukunja vinakataliwa, na vigari vya kuburuta vya aina ya toroli pia, hata kama vimetengenezwa kwa ajili ya watoto. Kigari cha kawaida cha mtoto kinapita ikiwa upana wake hauzidi sentimita 79 na urefu wake hauzidi 132.

Maji ndiyo yanayowachosha watu bure. Mtu hubeba chupa kumi na mbili, ilhali maduka ya vinywaji na vyakula vya haraka yaliyomo ndani hutoa maji ya baridi bila malipo kwa yeyote anayeomba. Sisi hubeba chupa moja tupu kwa kila mtu, tukaijaza kila tunapopita. Nepi nazo hesabu za siku moja na mbili za akiba tu, kwa kuwa kuna kituo maalumu cha kuhudumia watoto wachanga ambapo nepi huuzwa, na mna vyumba vya kunyonyeshea na kubadilishia kwa utulivu.

Kitu ambacho sitakiacha kamwe ni kanga mbili. Kanga moja hukausha mtoto aliyelowa, humsitiri mama anayenyonyesha, hutandikwa chini wakati wa kusubiri maandamano ya jioni, na humfunika mtoto kigarini jua linapokuwa kali. Haina uzito, na ikilowa hukauka upesi kuliko taulo lolote. Hakikisha tu kwamba mama ameifunga vizuri au ameivua kabla ya kupanda mchezo wowote unaokwenda kasi, maana ncha inayopepea ni hatari.

Makoti ya mvua ya plastiki, yale mepesi yanayokunjwa yakatosha kiganjani, yanunueni huko huko Atlanta kabla hamjaondoka. Mwezi wa Julai mvua ya alasiri yenye radi ni jambo la karibu kila siku hapa kwetu. Kila mtu awe na lake, na kigari kiwe na lake.

Muuguzi wa Zamu (Jacksonville) anajibu:

Nimesoma jibu la dada wa Tampa, na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Naomba kuongeza yanayohusu afya, kwa sababu katika familia hii kuna watu wawili ambao joto halitawavumilia: mama na mtoto mchanga.

Insulini ndiyo mzigo wa kwanza kuingia begini. Aina nyingi za insulini zikishafunguliwa huweza kukaa nje ya friji kwa siku 28 ikiwa joto halizidi nyuzi 30 za Selsiasi. Julai ya Florida hupita hapo kwa urahisi, na ndani ya gari lililofungwa juani huwa kama tanuri, kwa hiyo dawa isiachwe garini hata kwa dakika chache. Wakati huo huo isigusane moja kwa moja na vifuko vilivyoganda, kwa kuwa insulini iliyoganda imekwisha kuharibika na haifai kutumika hata ikiyeyuka. Izungushieni kitambaa kikavu kwanza, ndipo muiweke katika mfuko wa ubaridi. Zipo pochi maalumu zinazoloweshwa maji na kupoa kwa njia ya mvuke, kama ulivyo mtungi wetu wa maji. Ni nzuri mahali pakavu, lakini katika hewa yenye unyevu mwingi kama ya huku mvuke hutoka polepole na ubaridi hupungua. Iacheni dawa ndani ya boksi lake lenye jina la mama ili wakaguzi wa langoni waitambue mara moja. Pia kituo cha huduma ya kwanza kilichomo ndani ya bustani hupokea dawa zinazohitaji friji, na hapo mnaweza kuiweka ile ya akiba.

Kutembea kutwa nzima hushusha sukari ya damu, hasa kwa mtu ambaye nyumbani hukaa zaidi. Mama awe na kipimo chake pamoja na juisi ndogo ndogo za boksi, na ziwe mkononi mwake mwenyewe, kwa sababu mnaweza kutengana kwenye foleni. Akihisi jasho jembamba, kutetemeka au kuchanganyikiwa, apime. Sukari ikiwa imeshuka, anywe nusu kikombe cha juisi, yaani kiasi cha gramu 15 za sukari, apumzike dakika 15, kisha apime tena. Tende ni tamu na zinafaa baada ya hapo, ila juisi huingia mwilini haraka zaidi. Viatu vyake viwe alivyokwisha kuvizoea, vyenye kuziba vidole, pamoja na soksi na jozi moja ya akiba. Jioni mkague nyayo zake, kwa kuwa mwenye kisukari anaweza kupata lengelenge asilisikie.

Kuhusu kigari, dada yangu aniwie radhi: kanga isikifunike chote. Nguo hata nyepesi ikiziba pande zote huzuia hewa, na joto la ndani hupanda upesi kuliko la nje. Itundikeni juu tu kama paa, huku pande na mbele vikiwa wazi, na mumguse mtoto shingoni mara kwa mara. Kwa kuwa amevuka miezi sita anaweza kupakwa mafuta ya kukinga jua, yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, na yarudiwe kila baada ya saa mbili. Sisi wenye ngozi nyeusi hudhani mafuta hayo si yetu, nami nimehudumia watoto wetu walioungua mabega kwa dhana hiyo.

Pilau, kwa heshima ya mama, ibaki nyumbani. Katika joto linalozidi nyuzi 32 chakula kilichopikwa hakifai kuachwa nje zaidi ya saa moja, na wali ni mmojawapo wa vyakula vinavyogeuka sumu bila kubadilika harufu. Bora chapati, mayai ya kuchemsha yaliyohifadhiwa katika ubaridi, karanga na matunda.

Mzee wa Savannah anajibu:

Mimi nitasema kinyume kidogo, na naomba nisikilizwe. Miaka minne iliyopita tulikwenda na wajukuu tukiwa tumebeba kila kitu kizuri kinachotajwa hapa. Kila tulipotaka kupanda mchezo, ilibidi mtu mmoja abaki na mizigo, na mtu huyo alikuwa mke wangu. Alikaa kwenye benchi karibu siku nzima akilinda mabegi, na picha za siku ile hazimwonyeshi. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni begi moja la mgongoni lenye vitu vya wote, na kapu la chini la kigari kwa ajili ya chakula, lakini lisiwe na kitu cha thamani, kwa kuwa vigari huachwa nje ya michezo. Dawa, simu na vitambulisho viwe katika mkoba mdogo wa kiunoni. Begi likishindwa kuwatosha, punguzeni vitu, msiongeze begi. Mavazi ya kubadili yawe ya watoto wawili wadogo pekee. Mtu mzima aliyelowa atakauka.

Pimeni pia urefu wa mvulana kabla ya safari. Mchezo wa Space Mountain unataka sentimita 112, ule wa Tron unataka 122, na mtoto aliyesubiri kwa hamu kisha akarudishwa mlangoni hulia kwa haki. Huko Tron mizigo yote huingia katika makabati ya bure kabla ya kupanda, na kwa michezo yenye masharti ya urefu mzazi mmoja anaweza kubaki na mtoto kisha akapanda baada ya mwenzake bila kuanza foleni upya. Waombeni wahudumu mapema, kabla hamjaingia foleni.

Na betri ya akiba ya simu! Tiketi, ramani na muda wa foleni vyote vimo ndani ya simu, na simu ya binti yangu ilizimika saa tisa mchana.

Baba wa Watatu anarudi:

Ahsanteni sana, nimeyasoma haya kwa sauti mezani. Mama amekubali kuhusu pilau, ingawa kwa shingo upande, na ameahidi kutuandalia chapati za kukunja na visheti kidogo kwa ajili ya watoto. Mvulana tumempima, ana sentimita 115, na tumemweleza mapema kwamba Tron itamsubiri. Mambo mawili yamebaki. Je, nimnunulie mama kiti cha magurudumu, au vinapatikana huko? Na mnapangaje swala?

Mama wa Tampa anajibu:

Kwanza namshukuru muuguzi kwa kunisahihisha kuhusu kanga. Nimekuwa nikifanya kosa hilo na watoto wangu wote.

Viti vya magurudumu hukodishwa karibu na lango, lakini ni kwa anayetangulia, hivyo fikeni kabla bustani haijafunguliwa. Kama mnaweza kuazima kimoja msikitini au kwa jirani, kibebeni, kwa kuwa mama atakihitaji tangu pale mtakapoegesha. Naye asione aibu kukikalia hata kama anaweza kutembea, kwani nguvu za asubuhi ndizo zinazohitajika jioni.

Kuhusu swala, mwezi wa Julai adhuhuri huku huingia karibu saa saba na nusu mchana, na alasiri baada ya saa kumi na moja. Sisi huugeuza wakati huo wa adhuhuri kuwa mapumziko ya wote, kwa kuwa jua huwa kali na mawingu ya radi huanza kujikusanya. Tunatafuta kona tulivu yenye kivuli, tunaswali, tunakula, na mtoto analala. Mkeka uacheni. Chukueni msala mmoja mwembamba wa safari kwa ajili ya mama, ninyi wengine tandikeni kanga ya pili.

Baba wa Watatu anarudi:

Tumeazima kiti kwa jirani, na msala umeingia katika mfuko wake wa nyuma. Begi ni moja. Mke wangu amelijaribu mgongoni akapanda nalo ngazi za nyumba mara tatu, kisha akatoa mwavuli na jozi mbili za suruali zangu.