Tupeane uzoefu: kutunza matende na kutibu busha kwa asiyejiweza (Mtwara na Lindi)

Mkazi wa Nanyamba
Maelekezo ya mguu wa matende tunayajua: osha kila siku kwa sabuni, kausha, inua, vaa viatu. Yanamfaa mwenye maji, viatu na mtu wa kumshika mkono. Huku juu Umakondeni, maji ya bomba kutoka chanzo cha Mitema yakikatika dumu linanunuliwa. Wanaohudumia wagonjwa hawa, leteni mbinu zinazowezekana kwa mtu asiye na kitu. Habari za "yalinikuta" tuziache pembeni, tunataka namna ya kufanya.

Mhudumu Newala
Lita 4 zinatosha mguu mmoja. Usitumbukize mguu kwenye beseni, beseni ni la kukingia tu. Toboa kizibo cha chupa ya lita moja na nusu kwa msumari wa moto, matundu matano hivi, bomba lako ndilo hilo.

Lowesha, paka povu la sabuni ya mche. Anza juu ambako ngozi haijavimba, shuka hadi vidoleni. Kila mkunjo uupitishie kidole ulichokizungushia kitambaa laini. Wengi wanakosea hapa: muundi unang'aa, lakini katikati ya vidole hakujaguswa. Fangasi hukaa humo, ngozi inachanika, bakteria wanapata mlango, na kila wakiingia mguu unazidi kunenepa. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Dodoki gumu, jiwe na maji ya moto, hapana.

Kausha kwa kugandamiza, si kwa kufuta. Tenga kipande cha kanga kuukuu kwa kazi hiyo tu, kifuliwe na kuanikwa juani. Siku ambayo lita 4 hazipo, osha vidole na mikunjo kwa lita moja. Ni afadhali hivyo kuliko kuruka siku.

Nesi Mstaafu
Naongezea kuhusu homa inayokuja na mguu wa matende. Mabango yanasema mguu "unakuwa mwekundu". Kwa ngozi zetu ukisubiri wekundu umechelewa. Weka mgongo wa kiganja kwenye mguu mmoja, kisha wa pili, ulinganishe joto. Ukiwa wa moto, unauma, mitoki imevimba na mwili unatetemeka, siku hiyo hakuna mazoezi, hakuna kufunga bandeji, hakuna kuchanja. Kitambaa cha maji baridi, kunywa maji mengi, paracetamoli, mguu juu ya mto au gunia lililokunjwa, kisha zahanati wakaangalie kama antibiotiki inahitajika.

Fundi Kilwa
Na mabusha jamani? Huku pwani watu wanayaficha ndani ya kikoi miaka na miaka.

Nesi Mstaafu
Busha dawa yake ni upasuaji. Kunyonya maji kwa sindano ni kupoteza hela: yanarudi, na sindano chafu inaleta usaha. Kwanza apimwe kama si ngiri ya utumbo. Uvimbe unaorudi ndani akilala, au unaosukuma akikohoa, mweleze daktari mapema, upasuaji wake ni mwingine. Nyuzi zikishatoka bado asibebe mzigo wala kupanda baiskeli kwa wiki kadhaa.

Mwanaushirika Tandahimba
Kwa hiyo aende kupasuliwa Februari. Mnada wa korosho umeshalipa, na kupuliza salfa kwenye mikorosho bado.

Kibarua wa Korosho
Mnada unamlipa mwenye shamba, kaka. Kibarua hana akaunti wala kilo ghalani, na Februari yuko kwenye palizi za watu ili ale. Hata upasuaji ukitolewa bure, nauli ya watu wawili, chakula cha msindikizaji na wiki za kukaa bila kazi havina mlipaji. Vijana wa kitongoji wakikubaliana kumlimia robo eka yake, atakwenda. Wasipokubaliana atabaki na kikoi chake.

Afisa Jamii
Msamaha wa matibabu upo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, lakini haumfuati mtu nyumbani. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, upate barua ya mtendaji wa kijiji, uipeleke kwa ustawi wa jamii. Fanya hayo akiwa hana homa. Barua inayotafutwa mgonjwa akiwa kwenye benchi la hospitali huishia kwa ndugu kukopa. Angalia pia jina: likiandikwa tofauti na la kitambulisho, mnarudishwa. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, nayo ilipangwa shilingi 30,000 kwa kaya ya hadi watu 6, maana yake bibi anayeishi peke yake alilipa sawa na nyumba ya watu sita. Nani alilifikiria hilo sijui.

Mhudumu Newala
Kingatiba ya ivamektini na albendazoli, zile dawa za kuzuia matende na mabusha zinazogawiwa kwa jamii nzima, ikipita, dozi ya ivamektini hupimwa kwa fimbo ya urefu. Wanaokosa ni walewale: wavuvi walio dago (kambi za uvuvi) na vibarua walio mashambani. Mgawaji apite jioni.

Fundi Kilwa
Viatu je? Yeboyebo haiingii.

Mhudumu Newala
Kobazi za tairi. Fundi achore unyayo jioni, mguu ukiwa umevimba zaidi, aongeze upana wa kidole kimoja kila upande. Mikanda miwili mipana yenye kufunguka, ndani iwekwe kitambaa. Ncha za misumari zisitokeze upande wa mguu, maana mgonjwa mwingine hahisi mchubuko.