Bunduki za dharura zenye mitutu miwili tofauti, kwanini zilitengenezwa vile?

Kipanga Mtoro
Wakuu habari za jioni. Nimeona picha ya bunduki moja fupi inaitwa M6, ya marubani wa jeshi la anga la Marekani miaka ya 50 huko, nimeikodolea macho weee nikaishia kuchanganyikiwa. Juu ina mtutu mwembamba wa raifo, chini yake mtutu wa shotgani, inajikunja katikati, halafu haina triga kama tulizozizoea, ina kibati kirefu tu kimelala kwa chini. Mimi siyo mtaalam wa haya mambo ila najiuliza kwanini rubani asibebe shotgani tu yaishe, au raifo tu yaishe? Na hicho kibati kazi yake nini? Wajuzi mje mtoe darasa, wale wa siasa jukwaa lenu mnalijua.

Fundi Mitutu
Mkuu hapo umegusa kitu ninachokipenda. Anza na huyo rubani mwenyewe, ndege imeanguka porini au kwenye barafu, yuko peke yake, hajui watamfuata kesho au wiki ijayo. Anataka kula. Sasa chakula chenyewe hakikai namna moja, ndege anaruka, sungura anakimbia, hapo unataka marisau (vile vigololi vidogo vya shotgani) yatawanyike maana risasi moja utakosa tu, lakini mnyama akisimama mita 80 marisau hayafiki na nguvu, hapo unataka raifo. Kumpa bunduki mbili haiwezekani, nafasi hakuna. Ndiyo ikaja akili ya kuunganisha, mtutu wa juu wa risasi ndogo ya raifo yenye kasi iitwayo .22 Hornet, wa chini wa shotgani nyembamba ya .410, kitu chote kina uzito kama kilo 2, mitutu inchi 14, na ukikikunja kinabaki na urefu wa sentimita 38 hivi. Kampuni ya Ithaca ndiyo iliyotengeneza.

Kibati sasa. Fikiria vidole vimeganda kwa baridi ya Aktiki na umevaa glavu nene za manyoya, kidole kitaingia wapi kwenye kile kitundu cha triga? Haingii. Kwa hiyo wakatoa na kile chuma cha kuzunguka triga, wakaweka kibati unachokibana na vidole vyote kwa pamoja. Huwezi kuipa sifa ya usahihi, inavutika vibaya, ila inalia hata mkono ukiwa umekufa ganzi. Nyundo yake iko nje na ni moja tu kwa mitutu yote miwili, ina kitufe juu, ukikivuta juu inagonga mtutu wa raifo, ukikishusha inagonga wa shotgani. Springi chache, vipande vichache, hakuna magazini ya kukwama mchanga. Na kitako siyo mbao, ni bati lililokunjwa lenye kifuniko, ukifungua ndani kuna nafasi ya risasi 9 za Hornet na 4 za .410, yaani bunduki na risasi vinatembea pamoja, huwezi kusahau kimoja kwenye ndege inayowaka.

Kwanini .410 na siyo geji 12, ile shotgani nene ya kawaida? Uzito na teke. Bunduki ya kilo 2 ukiifyatua na geji 12 bega litakusimulia. Ila gharama yake ipo, .410 inabeba marisau machache sana, karibu nusu ya geji 12, kwa hiyo ukizidi mita 25 unampa ndege salamu tu.

Mama Ndege wa Tabora
Fundi umeeleza vizuri kaka yangu ila mimi naona hizi ni za kuoneshea tu. Risasi moja raifo, risasi moja shotgani, umekosa zote unaanza kufungua na kupakia kwa vidole hivyohivyo vilivyoganda, sasa hapo glavu imesaidia nini. Na akija dubu je? Hornet ni risasi ya wanyama wadogo, inaenda karibu mara mbili ya kasi ya .22 ya kawaida sawa, ila dubu utamkasirisha. Afadhali raifo ya boliti (unavuta kwa mkono kila risasi) yenye magazini, kama ile M4 waliyoitumia kabla ya M6, nayo ilikuwa Hornet hiyohiyo. Hebu nijibu hilo.

Fundi Mitutu
Dada hoja ya dubu sikatai, M6 siyo ya dubu na walioitengeneza hawakusema ni ya dubu. Hata ya kupigana haikuwa, risasi za Hornet walizopewa marubani zilikuwa na ncha laini inayotanuka, na hizo zimekatazwa vitani tangu makubaliano ya Hague ya 1899, kwa hiyo zilikuwa za kuwindia tu. Hiyo ni bunduki ya kupata kitoweo, ukitaka ya kujilinda unabadilisha mpango mzima, na kuna waliobadilisha.

Angalia Wajerumani. 1941 jeshi lao la anga lilichukua bunduki ya M30 kutoka kampuni ya J.P. Sauer & Sohn, mitutu mitatu, miwili ya geji 12 juu na mmoja chini wa raifo wa risasi nene ya 9.3x74R, hiyo ya chini inaangusha mnyama mkubwa kabisa. Wakawapa marubani wa Afrika Kaskazini ndani ya sanduku la alumini. Ukisukuma kibonyezo cha juu, triga ya mbele inahamia kwenye mtutu wa raifo na saiti ya nyuma (ya kulengea shabaha) inainuka yenyewe, ufundi wa kutoa machozi. Lakini ndiyo hivyo, ni bunduki ya tajiri wa kuwinda, nzito, ghali, ndefu, na jangwani nyati yuko wapi? Mimi naipenda kuiangalia, ila kama silaha ya dharura ile ni anasa.

Sputnik wa Mbagala
Naona wote mmewaruka Warusi 😂 wenye hadithi yao ndiyo tamu. Machi 1965 chombo chao cha anga za juu cha Voskhod 2 kilirudi kikatua mbali na walipopanga, kilometa karibu 386, katikati ya msitu wa Urali wenye theluji. Leonov, yule wa kwanza kutembea anga za juu, na mwenzake Belyayev wamelala huko usiku mbili, msitu una mbwa mwitu na dubu, na walichonacho ni bastola. Baadaye Leonov akapigania wanaanga wapewe kitu cha maana, ikaja silaha iitwayo TP-82 mwaka 1986. Mitutu mitatu pia, miwili laini ya milimita 12.5 juu kwa marisau na fataki za kuita msaada, na chini mtutu wa raifo wa milimita 5.45. Na kitako chake mkuu Kipanga ndiyo kiboko, kinachomoka, ni panga! Unakata matawi ya kibanda na silaha hiyohiyo. 2007 ikaripotiwa risasi zake zimepitwa na muda na wanaanga wakarudi kwenye bastola.

Dada wa Tabora ukitaka jibu la dubu ndiyo hilo, siyo Hornet.

Mama Ndege wa Tabora
Hiyo ya panga nimeielewa, nimekubali kidogo tu lakini. Bado nauliza, mitutu miwili inapiga sehemu moja kweli? Maana mmoja risasi moja mwingine marisau, na imeunganishwa.

Fundi Mitutu
Hilo swali ndiyo lenyewe. Haipigi sehemu moja, na kuilazimisha ni kazi ngumu, kila mtutu una mtikisiko wake na ukipata moto unavuta mwenzake. Bunduki za bei kali kama hizo za Sauer fundi anakaa anarekebisha mpaka zikubaliane. M6 walikwepa gharama, wakaweka saiti ya nyuma ya kupindua, upande mmoja tundu dogo la raifo, upande wa pili mkato wa V wa shotgani. Kwa umbali wa shotgani tofauti ya vidole viwili haikuumizi, marisau yanatawanyika mwenyewe.

Kipanga Mtoro
Aisee nimeshiba. Sasa raia anauziwa hizi au ni za jeshi tu?

Fundi Mitutu
Za jeshi zile za inchi 14 kule Marekani ni kesi, sheria yao ya 1934 inataka raifo isipungue inchi 16 na shotgani 18, chini ya hapo usajili maalum. Ndiyo maana kampuni ya Springfield Armory walipotoa ya raia, M6 Scout, iliyotengenezwa na kampuni ya CZ ya Cheki, wakarefusha mitutu mpaka inchi 18, ikawa ndefu kuliko lengo lake. Chiappa wa Italia nao wana yao, kitako cha povu lenye matundu ya kuchomeka risasi, triga mbili za kawaida, kibati wamekitupa.

Hapa Bongo usijisumbue, hata ukipata kibali cha bunduki, sungura wa porini ana kibali chake kingine na TAWA, mamlaka ya wanyamapori, hawana utani.

Sputnik wa Mbagala
Mimi nataka lile panga tu, risasi baki nazo.