Barua ya CEO kuhusu jiko la kuchemshia maji ya mepo

Kutoka: Baba Neema, Maine

Wakubwa shikamooni, wengine salamu.

Nimepata barua ya CEO wa mji wetu (Code Enforcement Officer, afisa anayesimamia kanuni za ujenzi). Nyuma ya nyumba nimejenga jiko la kuni la kuchemshia maji ya mepo, yaani utomvu wa mti wa maple, mpaka yawe sirapu: bloku za saruji pande tatu, juu trei mbili za stenlesi zile za bufee, nyuma bomba la moshi. Jirani amepiga simu kulalamikia moshi. Barua inataja "ujenzi bila kibali" na pia "kuchoma moto nje bila kibali". Nisipojibu kabla ya tarehe 20 Machi, faini itahesabiwa kwa siku. N-400 yangu, fomu ya kuomba uraia, iko USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, alama za vidole nimeshatoa, nasubiri interviu tu.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Bloku zilizopangwa bila kujengewa zinahesabiwa kuwa jengo? Na wakiniandikia faini, naitaja kwenye N-400? Huu ndio msimu wenyewe, usiku barafu mchana jua, ndoo zinajaa na moto nimeuzima.

Kutoka: Mzee Kassim, Vermont

Marahaba, na pole sana mwanangu.

Moshi unatokana na mambo mawili, kuni mbichi na hewa haba. Pasua kuni nyembamba, unene wa kifundo cha mkono, na ziwe zimekauka tangu mwaka jana. Weka chanja ya chuma ili hewa ipite chini ya makaa. Nyuma ya tanuri jaza mchanga kwa mteremko wa kupanda kuelekea bomba, mwali ulambe matako ya trei kabla ya kutoka. Wengi huacha shimo tupu pale, joto lote linapanda bombani na chungu hakichemki. Bloku za saruji zikiwa na unyevu hupasuka kwa moto, kwa hiyo ndani panga matofali ya kuhimili moto.

Hesabu yake: gawanya 86 kwa asilimia ya sukari iliyomo kwenye maji. Mepo nzuri ina asilimia 2, basi galoni 43 zinakupa galoni 1 ya sirapu. Futi moja ya mraba ya trei hukausha galoni moja hivi kwa saa moto ukiwa mkali. Trei mbili ndogo zitakukesha.

Kutoka: Papa Bahati, Lewiston

Jambo kwa wote. Baba Neema, achana na bloku. Tafuta pipa la chuma, lilaze, kata tumbo la juu, trei zikae mle. Kwetu Uvira mama zetu walichemsha ngazi za mawese, yaani matunda ya mchikichi, ndani ya pipa miaka na miaka, hakuna ofisi iliyokuja kuuliza kibali. Miye natumia hilo hilo, na ndoo za bati za zamani nilizonunua kwa mzee mmoja Mzungu, za bei rahisi sana.

Kutoka: Mama Riziki, Portland

Papa Bahati, ndoo hizo zitupe leo. Ndoo za zamani zililehemiwa kwa risasi, na risasi inaingia kwenye maji, ukichemsha inabaki humo humo na kuzidi ukali. Una watoto nyumbani. Na pipa lenye rangi ndani lichomwe moto mkali kwanza, mbali na watu, kabla ya kulipikia chochote.

Kuhusu barua: mnachanganya mambo. Kibali cha moto wa nje hakitoki kwa CEO. Kinatoka kwa warden (msimamizi) wa moto wa mji au Maine Forest Service, idara ya misitu ya jimbo. CEO ni majengo na matumizi ya ardhi. Na kama unauza hata chupa moja kanisani, hapo kuna leseni ya DACF, idara ya kilimo ya jimbo, jambo la tatu kabisa.

Kutoka: Wafula, New Hampshire

Dada, hajasema anauza.

Baba Neema, mimi nakuhurumia kwa sababu kazi hii ni ya heshima. Nimekulia Kakamega, baba alikuwa na kinu cha sukari nguru, karai tatu kwenye mtaro mmoja wa moto, maganda ya miwa ndiyo kuni. Kanuni ni ile ile: usimwage maji baridi kwenye karai inayochemka, utaua mchemko. Weka chombo kidogo pembeni mwa bomba kipashe maji, kitobolewe tundu, yadondoke polepole. Kina kwenye trei kisishuke chini ya inchi moja, la sivyo sukari inaungua na trei inapinda. Povu likipanda, tone la siagi linalituliza.

Ila roho inaniuma. Huku Mzungu anachemsha maji ya mti na jimbo linampa Jumapili yake maalumu ya Machi, kwetu kampuni ya sukari ya Mumias iliwekwa chini ya mrasimu, msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, 2019 na mkulima wa miwa akaachwa akidai malipo yake. Serikali zetu zinajua kuagiza sukari ya nje tu.

Kutoka: Mzee Kassim, Vermont

Siasa tuiweke kando, Wafula, ingawa kwetu Tanzania nako bei ya sukari ikikaribia Ramadhani sisemi. Na kuchemsha maji haya hakukuanza na Wazungu. Wenyeji, Waabenaki na wenzao, walikuwa wakifanya kabla meli hazijafika.

Mimi ni mtu wa Pemba. Mara ya kwanza kuona ndoo imening'inia kwenye shina nilisimama barabarani, nikamkumbuka ami yangu mgema, kotama kiunoni, anapanda mnazi alfajiri kabla ya jua. Tembo tamu likichemshwa kabla halijachacha linakuwa asali, ukiikoroga kwa mwiko inavuta uzi. Hii ya huku huwezi kupima kwa uzi peke yake. Chemsha maji matupu siku ile ile, usome kipimajoto, sirapu imeiva ikizidi hapo kwa digrii 7 za Farenhaiti. Hewa hubadilika kila siku, ndiyo maana usishike namba moja.

Kutoka: Mama Riziki, Portland

Na chujeni kwa kitambaa cha sufu ikiwa moto, ule mchanga mweupe unaobaki chini ni madini ya mti.

Kutoka: Baba Neema, Maine

Ahsanteni sana, nimejaza mchanga na matofali nimepata. Mama Riziki, ya warden nimeelewa. Lakini tarehe 20 ni Ijumaa hii. CEO anataka mchoro wa jiko na umbali kutoka mpaka wa jirani. Kuna aliyewahi kuandika barua kama hiyo? Na ile ya N-400?

Kutoka: Papa Bahati, Lewiston

Ndugu, nina kuni kavu za mwaloni, nusu "cord" (kipimo cha kuni cha huku). Ukiwa na gari kubwa njoo Jumamosi uchukue, usinilipe.