Mwanafunzi akisahau kubonyeza kitufe, apewe sifuri?

Wakuu, naleta hoja tuijadili bila jazba. Wapo walimu wa mtandaoni wenye msimamo mmoja: kazi isiyoonekana Google Classroom (darasa la mtandaoni la Google, mwalimu anakotoa mazoezi na kupokea kazi) muda ukiisha haikufanywa, sifuri. Napinga, wala si kwa huruma.

Tuangalie kinachotokea. Mwanafunzi amefungua zoezi, ameambatisha faili, analiona pale, anazima simu na kulala. Hajui kwamba kuambatisha si kukabidhi: kuna kitufe cha kuwasilisha, kisha kidirisha kinachomuuliza tena kama ana uhakika. Asubuhi anakuta maandishi mekundu, kazi haipo. Mwingine kawasilisha mapema, akaona kosa dogo, akaiondoa arekebishe, akairudisha muda umeshapita. Mfumo unamwandika kachelewa hata kama mara ya kwanza aliwahi. Wa tatu anatumia simu ya mzazi, kaingia kwa akaunti ya mzazi badala ya ile ya shule, na darasa linamkatalia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeshindwa somo. Sifuri yao ya hisabati inapima nini?

Najua nitaambiwa watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu mkononi. Hoja hiyo imechosha. Kijana anayehariri video hadi ukashangaa anaweza asijue faili lake limehifadhiwa wapi, wala namna ya kuligeuza PDF. Kwenye Zoom, programu ya vipindi vya video, anaingia kwa jina la modeli ya simu yake, anabaki chumba cha kusubiri kipindi kizima kwa sababu mwalimu hamtambui. (Na mwalimu ana haki ya kuogopa, chumba hicho Zoom ilikiwasha kwa watumiaji wengi Aprili 2020, baada ya wavamizi kuvuruga mikutano.)

Pendekezo langu: wiki ya kwanza isiwe na alama. Zoezi liwe moja tu, apige picha ukurasa wa daftari, aambatishe, awasilishe, aiondoe, awasilishe tena. Kwa Zoom, kila mtu afungue zoom.us/test peke yake, ajaribu spika na maiki kabla ya siku ya darasa, na ajifunze kubadili jina. Baada ya hapo, atakayesahau kitufe nitamtetea kwa shida.

MWALIMU WA SEKONDARI: Mkuu, unazungumza kama mtu asiye na mtaala wa kumaliza. Zoom ya bure inakata dakika ya 40. Wiki nzima ya kufundisha vitufe nitaifidia wapi? Halafu wapo wavivu, kila Jumatatu "mtandao ulikata". Ukilegeza, umewafungulia mlango.

MWANZISHA MADA: Hizo dakika 40 ndizo zinanipa nguvu. Kama kila kipindi unapoteza robo saa kwa "mnanisikia?" na "zima maiki yako", wiki yangu moja ni nafuu. Kuhusu wavivu, kazi ikiandikwa Google Docs, historia ya matoleo inaonyesha iliandikwa lini. Aliyefanya Ijumaa akakwama kwenye kitufe hafanani na aliyeanza kuandika Jumatatu asubuhi. Angalia kabla ya kuhukumu.

MWALIMU WA SEKONDARI: Nikague historia ya kila mtoto? Nina madarasa manne.

MWANZISHA MADA: Si kila mtoto. Anayelalamika tu.

MZAZI: Nyote mnajadili kana kwamba mtoto yuko peke yake na simu. Wangu yuko darasa la pili. Kuingia naingia mimi, kupiga picha mimi, kuwasilisha mimi, tena usiku nikishatoka kazini. Hiyo wiki ya majaribio mtamfundisha nani, na sifuri ikija ni ya nani?

MWANZISHA MADA: Hapo umenibana, sikuwafikiria wa madarasa ya chini. Kwao naona muda wa mwisho uondolewe kabisa, mwalimu apokee hata picha ya WhatsApp. Wanaopinga waseme sababu.