Tupeane uzoefu: mlijinasuaje na tabia ya kujikagua sura na mwili kila saa?

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Nina mdogo wangu wa kike anayepitia hali ambayo naamini wengi humu mmeipitia, au mnaishi na mtu anayeipitia. Ni binti mchapakazi, ana marafiki, watu wanampenda. Ila akikutana na kioo lazima ageuze uso pembeni, aibane pua kwa vidole viwili, asogee, arudi tena. Simu yake imejaa picha za pua yake mwenyewe. Ukimwambia yuko sawa, anakujibu kwamba hujaangalia vizuri. Juzi kaikimbia picha ya familia kwa sababu alipangwa mwisho wa mstari, upande ambao eti pua inaonekana.

Naomba tusije na "jipende ulivyo", ameambiwa hivyo mpaka amechoka. Waliopitia watuambie ilianzia wapi na ni kitu gani hasa kilichowasaidia. Wanaume nanyi mnakaribishwa, najua mpo.

Mpiga Picha

Mkuu, kwenye hiyo pua niachie mimi, hii ndiyo kazi yangu. Kamera ya simu ikiwa karibu na uso hukuza kilicho mbele yake. Pua ndiyo iko mbele, basi inatanuka, masikio yanajificha nyuma. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba picha ya umbali wa inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, inaonyesha pua pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo, ukiilinganisha na upana wa uso. Ukirudi nyuma hadi mita moja na nusu, tofauti karibu yote inaisha. Kwa hiyo anachokikagua mdogo wako usiku kucha si pua yake. Mwambie aiweke simu mbali, amwachie mtu mwingine apige.

Kuna bibi harusi mmoja sitamsahau. Tulikaa naye mbele ya kompyuta, akaomba nipunguze mkono, kisha kidevu, kisha nifute kovu dogo juu ya nyusi. Mama yake alikuwa kiti cha pembeni, kimya. Nilipomaliza akauliza, "Sasa huyu ni nani?" Binti hakucheka. Akasema, "Hii ndiyo naitaka."

Tangu hapo mteja namwonyesha kwanza picha ambayo haijaguswa, kwenye skrini kubwa, na siongei mpaka aongee yeye. Wengi huishia hapo hapo. Ufaransa tangu 2017 picha ya tangazo ikiwa mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kuongezwa lazima iandikwe kuwa imehaririwa, na Norway nao wana sheria ya aina hiyo iliyoanza 2022. Ni jambo jema, ila hizo ni sheria za matangazo. Picha za rafiki, shemeji na jirani haziandikwi kitu, na ndizo tunazojilinganisha nazo kutwa.

Mama Kichanga

Mimi si picha, ni salamu. Tangu nijifungue, mtu hajakaa hata kwenye kiti, "Heee, umenenepa!" Dada yangu yeye ni mwembamba, anapokelewa na "Umekwisha, unaumwa?" Wote wawili tukawa tunakwepa shughuli za ukoo. Nikawaambia shangazi zangu kwa adabu kabisa: niulizeni kama nimelala, niulizeni mtoto anaendeleaje, mwili wangu niachieni. Mmoja alinuna. Waliobaki wameshika.

Kijiti wa Zamani

Nashukuru kwa kutukumbuka wanaume. Mimi nilikuwa mwembamba, jina langu mtaani lilikuwa Kijiti. Nikaingia jimu, mwili ukaja, watu wakaanza kuniita kaka mkubwa. Lakini kichwani nilibaki Kijiti. Navaa fulana mbili ndani ya shati, jua kali, ili mabega yajae. Nabeba futi ya fundi cherehani kwenye begi, napima mkono asubuhi na jioni. Kuogelea na wenzangu nikaacha kabisa. Baadaye ndiyo nikajua ni hali inayojulikana, wataalamu waliiandika mwaka 1997: mtu mwenye misuli anajiona kijiti.

Rafiki yangu alikwenda mbali zaidi, akaanza kujidunga homoni. Mwili ukiletewa homoni ya kiume kutoka nje unaacha kutengeneza yake, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua au kukatika. Yeye na mkewe walikuwa wanatafuta mtoto. Yamewakuta mazito, sitayaeleza hapa.

Kilichonisaidia ni mwalimu wa mazoezi. Alinihamisha kutoka upande wa vioo, akachukua ile futi, akaniambia niandike kilo nilizonyanyua tu. Wiki za kwanza nilihisi nimevuliwa nguo. Sasa hivi hata sijui mkono wangu una sentimita ngapi.

Nesi wa Ngozi

Huku kliniki wanakuja na weupe ulioharibika. Utamjua kabla hajasema: mikono ameificha chini ya pochi, maana uso umekubali ila vifundo vya vidole na masikio vimekataa, vimebaki vyeusi tii. Ukimuuliza anatumia nini, anatoa kopo lisilo na lebo.

Ndani ya hayo makopo kuna haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, kuna steroidi kali za kuchubua ngozi mpaka inakuwa nyembamba na mishipa inaonekana, na kuna zebaki. Zebaki inaharibu figo. Na kinachoniuma zaidi, inagusa hata akili: wasiwasi, huzuni, kukosa utulivu. Mtu anapaka ili ajisikie vizuri, kumbe anaongeza kilekile anachokikimbia. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, umepiga marufuku vipodozi vya zebaki, lakini bado vinapita. Ukiona kwenye lebo neno "calomel", hiyo ni zebaki.

Dada zangu na kaka zangu, kama umetumia steroidi muda mrefu usiache ghafla peke yako. Ngozi huwaka, inawasha, inatoa vipele, na hapo ndipo wengi hurudia kopo. Njoo na kopo lako, hakuna atakayekugombeza.

Mdau Mpya

Dawa ni moja tu, futeni mitandao.

Mleta uzi

Mdau, inasaidia, sibishi. Lakini soma habari ya Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Jamii iliyousifu mwili uliojaa, televisheni ikaingia wilaya ya Nadroga mwaka 1995. Kufikia 1998 mtafiti Anne Becker na wenzake walikuta wasichana wa shule wapatao 11 katika kila 100 wanajitapisha ili wapungue, na mwanzo hakukuwa na hata mmoja aliyesema anafanya hivyo. Simu janja hazikuwapo. Na kwa mdogo wangu, simu nilishaichukua. Akahamia kwenye kioo cha bafuni.

Mshauri Nasaha

Hilo la kuhamia bafuni ndilo linanifanya niandike. Mkuu, anachofanya mdogo wako kinaweza kuwa zaidi ya kutojiamini. Daktari Enrico Morselli wa Italia aliieleza hali hii mwaka 1891, watu waliolemewa na kasoro ambayo wengine hawaioni. Inawapata karibu watu 2 katika kila 100, wake kwa waume, na mara nyingi huanza ujanani. Upasuaji wa pua kwa kawaida hauwatulizi, hofu inahamia kwingine. Inatibika kwa tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia, na wengine hupewa dawa za sonona.

Nyumbani, akikuuliza kwa mara ya kumi "pua yangu ikoje?", usijibu ni nzuri wala mbaya. Kila jibu linamtuliza kidogo tu, kisha anarudi kuuliza. Mwambie, "Naona wasiwasi umekushika, tutoke kidogo." Akianza kusema hataki kuishi, usisubiri miadi, mpeleke siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

Mleta uzi

Asante sana mshauri, nimeyanakili yote. Nimeongea naye leo, sikugusa habari ya pua, nimemwambia tu namwona amechoka. Amelia. Kakubali kwenda, kwa sharti kwamba niingie naye mpaka ndani. Nitaingia.

Wengine endeleeni, hasa wenye chunusi na waliopoteza nywele, bado hatujawasikia.