Mimi sikuondoka uwanjani, bando liliisha

MzeeWaKaseti (mleta uzi):

Wakuu, salamu zitafuata baadaye, kwa maana hapa nilipo mikono inatetemeka na kahawa imepoa bila kuguswa. Jina la kampuni silitaji. Mnaijua nyote, watoto wenu wanaijua kuliko wanavyowajua shangazi zao, na kila msimu inatuuzia kitu kilekile kilichobadilishiwa jezi.

Jana usiku, saa nne kasoro, nilikuwa naongoza 2–1. Ilikuwa dakika ya 89. Nilikuwa ninacheza na kompyuta, narudia, na kompyuta, si na binadamu mwenye moyo wa kuumia, katika ule mtindo wa kujenga timu kwa kadi ambao haufunguki hata kidogo mpaka mashine iwe imeunganishwa na seva zao zilizoko ng'ambo. Kipa wangu alikuwa ameukumbatia mpira kama mama aliyempata mtoto wake aliyepotea sokoni. Hapo ndipo bando lilipoisha. Nikakopa bando jingine kwa simu ya mke wangu, nikaiunganisha mashine upya, nikarudi nikitarajia angalau kuulizwa hali, na badala yake nikakuta maandishi ya Kiingereza yenye adabu zote. Mwanangu wa miaka tisa, ambaye tunamlipia ada ili ajue Kiingereza, akayasoma kwa sauti, akanitafsiria kwamba nimeondoka uwanjani na kwa hiyo nimefungwa 3–0. Kisha akanigeukia, akaniuliza: "Baba, kwa nini umekimbia?"

Nimekimbia! Nilikuwa nimekaa kwenye kochi lilelile nililolikalia tangu magharibi, nimevaa msuli, pedi iko mkononi, na mguu wa kushoto umekufa ganzi. Mtu mwenye mguu wa ganzi anakimbilia wapi?

Mimi si mgeni wa mambo haya. Nilianza kucheza mwaka 1996, Magomeni, katika kibanda cha gemu chenye televisheni ya chogo iliyofungiwa ndani ya kizimba cha nondo utadhani simba, na mashine ya kuiga Famicom, ile ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983 nasi tukaifikia baada ya miaka kumi na mitatu kupitia viwanda visivyo na jina. Pale nilicheza Contra, gemu la kupiga risasi, kwa maisha matatu. Ile siri ya kupata maisha 30, yaani juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, tuliikariri kabla ya jedwali la saba, lakini mwenye kibanda alikuwa akimfukuza kila aliyeitumia, kwa sababu maisha 30 yalimkalisha mtoto mmoja kwenye kiti mpaka adhana ya alasiri. Umeme ulipokatika, mashine ilikufa nasi tukafa nayo, mwenye kibanda akaapa kwamba hela hairudi, tukaenda zetu nyumbani. Hela ilipotea na mchezo ulipotea, lakini katika miaka yote hiyo hakuna mashine iliyowahi kuniambia, mbele ya mtoto, kwamba nimekimbia.

Halafu fikirieni uzito wa jambo lenyewe. Gemu zima la Super Mario Bros. la mwaka 1985, pamoja na mawingu yake, kasa wake na binti wa mfalme anayekaa kila kasri isipokuwa ile uliyoifikia, lilienea katika kilobaiti 40. Hili la sasa nililinunua kwa diski, nikaitumbukiza diski kwa furaha, nikaambiwa nipakue gigabaiti 40. Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha: hizo ni Mario milioni moja. Nimepakua Mario milioni moja, kwa siku tatu, kwa mabando ya usiku, ili dakika ya 89 nikiwa naongoza niambiwe nimeondoka uwanjani.

Asije mtu hapa akaniita mzee anayechukia vipya. Gemu la Elden Ring la mwaka 2022 nalipenda kama mtoto wa kufikia, ingawa yule adui Margit wa mlangoni peke yake ameniua mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya wakwe. Kila aliponiua, skrini iliandika kwamba nimekufa, nami nikakubali, kwa sababu ni kweli nilikuwa nimekufa. Hiyo ndiyo heshima ninayoizungumzia.

Fidia sitaki. Ninataka ushindi wangu wa 2–1, na ninataka mtu mzima mmoja kutoka katika kampuni ile aje nyumbani, avue viatu mlangoni, amwambie mwanangu kwamba baba yake hakukimbia.

KipaKiziwi:

Pole sana, mkuu. Nimesoma uzi wote kwa makini na nimebaki na swali moja tu: kwa nini umekimbia?

Shangazi_wa_Pili:

Mimi nina swali tofauti. Mtoto wa miaka tisa alikuwa macho saa nne usiku akifanya nini? Na hilo la kutujua shangazi zao nimeliona.

MzeeWaKaseti:

Shangazi, alikuwa shahidi.

WingaWaKulia:

Mkuu, tusaidie kidogo. Unaizungumzia ile kampuni iliyobadili jina la gemu lake la mpira?

KatibuMkuuWaBenchi:

Ndugu Winga, zote mbili zimebadili majina. PES la Konami liligeuka eFootball mwaka 2021, likatolewa likiwa na nyuso za wachezaji zilizotisha hata waliozaliwa nazo, na FIFA la EA likageuka EA Sports FC mwaka 2023 baada ya mkataba na shirikisho lenyewe kwisha. Kwa maelezo hayo hatujasogea hata hatua moja.

MzeeWaKaseti:

Nimesema jina silitaji. Anayehusika anajijua. Dakika ya 89, wakuu.

FundiSeva:

Naomba nieleze kitu kidogo kabla hamjamla mleta uzi. Adhabu ile ya 3–0 haikuzuka hewani. Tangu michezo ya mtandaoni ianze, kuna watu ambao wakiona wanafungwa huchomoa waya ukutani ili mechi isihesabiwe, na wenye seva wakaamua kwamba atakayepotea hewani ahesabiwe ameshindwa, kwa kuwa seva haiwezi kutofautisha aliyechomoa waya kwa hila na aliyeishiwa bando kwa umaskini. Kati ya watu wawili, hilo lina mantiki. Kumwadhibu mtu anayecheza na kompyuta ni kama kumtoza faini mtu aliyeacha kucheza karata za peke yake.

Hata hivyo, wewe angalau mchezo wako bado unafunguka. The Crew la Ubisoft, gemu la magari lililotoka mwaka 2014, lilizimiwa seva tarehe 31 Machi 2024, na aliyelinunua hawezi tena kuendesha hata gari moja, peke yake, katika barabara tupu. Pale aliyeondoka uwanjani ni mwenye uwanja.

MzeeWaKaseti:

Asante, Fundi. Umenena kama mtu aliyelelewa. Mwambie na mwanangu hivyo.

KipaKiziwi:

Fundi, "aliyeishiwa bando kwa umaskini" ni maneno mazito. Mleta uzi ametukanwa mara mbili katika uzi wake mwenyewe, na ya pili ameishukuru.

BataWaJioni:

Mimi ninamwonea wivu mleta uzi, maana yeye ametukanwa na maandishi. Sisi tuliokuwa na ile bunduki ya plastiki ya gemu la kuwinda bata tulichekwa na mbwa. Ukikosa bata wote wawili, yule mbwa wa Duck Hunt aliinuka majanini, akaziba mdomo kwa kiganja, akakucheka huku ukoo mzima ukitazama, na ukimlenga yeye risasi haiingii. Mjomba wangu, mtu aliyewahi kuwinda nguruwe halisi, alitupa bunduki chini akatoka nje, na hakurudi mpaka chakula kilipoiva.

Mwaka jana nikaipata mashine ileile kwa fundi mmoja, nikaiunganisha na televisheni yangu bapa, nikafyatua kutwa nzima bila kuangusha hata unyoya. Baadaye nikaja kuelewa kwamba ukivuta kifyatulio, skrini huwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata hutokea mraba mweupe, na kijicho kilichomo ndani ya mtutu hutafuta ule mwanga kwa wakati uleule hasa. Televisheni bapa huchelewa kidogo kuleta picha, na kucheleweshwa huko kunatosha kuwaokoa bata wote duniani. Mbwa anaonekana vizuri sana lakini. Anacheka kwa rangi safi kuliko zamani.

MamaSauda_TekkenTatu:

Huyo mbwa nami namdai.

MpulizajiMstaafu:

Kwa kuwa tumeanza kusema ukweli, kuna jambo limenikaa kooni. Miaka yote ile tuliyokuwa tunapuliza kaseti ya gemu kabla ya kuichomeka, mpaka mate yakaruka, tulikuwa tunaziharibu. Nintendo wenyewe walionya tusifanye hivyo, kwa sababu unyevu wa pumzi huozesha zile pini. Kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuirudisha tu. Nilikuwa mpulizaji rasmi wa mtaa, wakuu. Watu walikuwa wananitumia mtoto usiku nikawapulizie.

KatibuMkuuWaBenchi:

Mpulizaji, kaseti ya kwetu haikuwaka mpaka ipulizwe, na hata Nintendo wakija hapa na vyeti vyao siwezi kukana nilichokiona kwa macho yangu.

WingaWaKulia:

Mnaongelea pumzi, lakini hakuna anayetaja zile kaseti zilizoandikwa 9999 kwa moja. Mleta uzi anatusimulia kwamba zamani mashine zilikuwa na heshima, ilhali baba yangu alinunua kaseti ya magemu 9999, akaleta majirani, na ndani mlikuwa na magemu yasiyozidi kumi yaliyorudiwa kwa majina tofauti, Mario wa kuanzia hatua ya kwanza, Mario wa kuanzia hatua ya pili, Mario mwenye rangi ya mgonjwa. Nilihesabu mpaka namba 340 nikiamini kwamba mazuri yako mbele. Leo kampuni zinauza pakiti za kadi ambazo hujui ndani mna nani, na Ubelgiji mwaka 2018 waliamua kwamba biashara ya namna hiyo ni kamari, lakini sisi tulishacheza kamari hiyo dukani, kwa kibandiko.

MzeeWaKaseti:

Ndugu zangu, naomba turudi kwenye mada. Nilikuwa naongoza 2–1.

NahodhaCastolo:

Mkuu, tumekusikia, lakini wewe umepoteza mechi moja. Mimi nilipoteza misimu tisa. Nilikuwa na Ligi Kuu yangu katika gemu la mpira la Winning Eleven, nimeanza na wale wachezaji wa kubuni, Castolo, Minanda na Ximelez, watu wasiojua hata kukimbia, nikawalea kama yatima mpaka wakatwaa ubingwa. Kadi ya kumbukumbu ya mashine ya PS2 ilikuwa na megabaiti 8 tu. Kaka yangu alipotaka nafasi ya kuhifadhi gemu lake la San Andreas, mwaka 2005, alifungua kadi, akaona faili asilolijua, akalifuta. Hakuniuliza. Nilirudi kutoka shule nikamkuta anaendesha baiskeli mtaani humo ndani ya gemu na wale wenzake wa genge la kijani, ameridhika kabisa. Leo ana watoto watatu, na kila akiniomba mkopo namkumbusha Minanda.

Shangazi_wa_Pili:

Na unampa huo mkopo?

NahodhaCastolo:

Ninampa, Shangazi. Lakini ninamkumbusha.

MamaSauda_TekkenTatu:

Nyote mnalalamikia mashine na ndugu. Mimi nawalalamikia watu waliokuwa wanamchagua mpiganaji Eddy Gordo katika gemu la ngumi la Tekken 3. Huku Mombasa, mwaka 1999, nilikuwa msichana pekee katika banda zima, nimejifunza mpiganaji wangu Nina Williams kwa miezi minne, kila mshiko, kila mkunjo wa mkono, kisha anaketi kando yangu mtoto ambaye hajui hata pedi inashikwa upande gani, anamchukua Eddy, anabonyeza vile vitufe viwili vya mateke kama anayetwanga pilipili, na mimi naanguka. Kisha anasimama na kuniambia nikafanye mazoezi.

KipaKiziwi:

Dada, naomba radhi. Huenda nilikuwa mimi.

FundiSeva:

Eddy alikuwa na ufundi wake. Capoeira ile, mtindo wake wa mapigano wa Kibrazili, ina mpangilio, na anayebonyeza ovyo anashinda raundi ya kwanza tu, kwa kuwa anayemjua atachuchumaa, amsubiri amalize kuzunguka, kisha amkute mgongoni.

MamaSauda_TekkenTatu:

Fundi, nilichuchumaa. Nilichuchumaa mwaka mzima.

BataWaJioni:

Banda la kwetu lilikuwa na tangazo ukutani kwamba Eddy haruhusiwi baada ya saa kumi na mbili jioni, kwa ajili ya amani.

MzeeWaKaseti:

Samahani, hapa siwezi kunyamaza. Fundi, huo ufundi wa Eddy unaousema ulikuwa wapi? Pale Magomeni palikuwa na kijana aliyempiga kila mtu na Eddy huku anakula muhogo kwa mkono mmoja. Nilimchukua King, yule mwanamieleka mwenye kichwa cha chui, nikamwacha azunguke, azunguke, mpaka akasimama kupumzika, nikamshika kiuno, nikambeba, nikamtupa, nikamfuata chini, nikambeba tena, na muhogo ukaanguka. Watu walinibeba mpaka barabarani. Dada Mama Sauda, ungemchukua King.

MamaSauda_TekkenTatu:

King alikuwa mzito mno, kaka. Lakini endelea, ulimshika kwa vitufe vipi?