Vifaranga vinafia ndani ya yai siku ya 20 kiangazi hiki, Dodoma. Naombeni ushauri

MamaNeema_Veyula
Habari zenu wafugaji wenzangu. Niko Veyula, Dodoma. Nafuga kuku wa kienyeji, wengi wao machotara wa kuchi (aina ya kuku wa kienyeji), na nina mashine ndogo ya kutotolesha yenye feni. Wakati wa mvua ilinitotolea vizuri sana. Tangu upepo wa kiangazi uanze, mambo yamegeuka.

Nikimulika mayai siku ya 7 na ya 14 naona mishipa imetanda vizuri na kiumbe kinacheza. Ikifika siku ya 20 vifaranga vinatoboa ganda, navisikia vinalia, halafu vinaishia hapo hapo. Nikilipasua yai nakuta kifaranga kimekamilika, kiini kimeshaingia tumboni, ila ule utando mweupe umemkaukia mwilini kama karatasi iliyopakwa gundi. Vinavyotoka vyenyewe havifiki nusu, na baadhi yake vina miguu mikavu, vinasinzia tu, siku ya tatu au ya nne vinakufa.

Mashine iko chumba chenye paa la bati. Joto 37.5. Kipima unyevu kilichokuja nayo kinaonyesha 55 muda wote. Maji naongeza kila asubuhi. Mayai nakusanya kwa siku kumi hivi kwenye trei juu ya kabati, ndipo naingiza. Siku ya kutotoa huwa nafungua mara kwa mara kusaidia vinavyokwama, maana siwezi kuvisikia vinalia nikakaa tu.

Naomba mnisaidie mambo mawili: kwa nini vinafia ndani, na hivi vinavyotoka nivilee vipi kwa hali hii ya mchana joto na vumbi, usiku baridi. Natanguliza shukrani.

Tetea_Mweupe
Pole sana dada. Hapo ni unyevu tu, hakuna kingine. Jaza maji mpaka juu tangu siku ya kwanza, na weka na kitambaa kilicholowa ndani. Mimi niko Morogoro, nafanya hivyo na vinatoka.

Mfugaji_Manyoni
Tetea_Mweupe, kuhusu unyevu uko sahihi, lakini kujaza maji tangu siku ya kwanza bila kupima si salama. Yai linatakiwa lipoteze maji. Kuanzia siku ya kwanza mpaka ya 18 linapaswa kupungua kama asilimia 12 hadi 13 ya uzito wake, ili chumba cha hewa upande wa butu kipanuke na kifaranga kipate pa kuvuta pumzi ya kwanza kabla hakijatoboa ganda. Yai lisipopungua, kifaranga kinavimba, kinakosa nafasi ya kugeuka, na kikitoboa kinazama kwenye ute. Hiki nacho ni kifo, ila sura yake ni nyingine: unakuta kimelowa, kinanata, na chumba cha hewa ni kidogo. Cha Mama Neema ni kikavu, utando umekibana. Kwa hiyo kwake ni ukavu, na hili la utando nadhani linampata zaidi siku za mwisho.

Mama Neema, nikueleze kinachotokea ndani ya mashine yako. Hewa ya chumbani ikiwa na joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 40, mashine ikiivuta na kuipasha hadi 37.5, unyevu wake unashuka mpaka karibu asilimia 20. Hakuna maji yaliyoondoka, ni vile hewa ya moto inabeba maji mengi zaidi, basi yale yale machache yanaonekana si kitu. Sasa huku kwetu Singida na huko kwenu, Septemba na Oktoba saa za mchana, hiyo 40 yenyewe tunaitafuta. Wakati wa mvua hewa inaingia ikiwa na maji yake, ndiyo maana Februari ulitotoa bila taabu kwa beseni lile lile.

Mimi nilishaacha kuamini namba ya mashine, naamini mizani ya jikoni. Chukua mayai kumi siku ya kuingiza, yawekee alama kwa penseli, yapime kwa pamoja. Tuseme yana gramu 450. Siku ya 7 yakiwa yamepungua kama gramu 23, uko njiani. Siku ya 18 yawe yamebaki kama 392 hivi. Yakipungua haraka kuliko hapo, ongeza eneo la maji. Yakichelewa kupungua, punguza. Na nasema eneo kwa makusudi: beseni jembamba lenye kina halisaidii hata likijaa pomoni, kinachotoa mvuke ni uso wa maji. Tumia sinia pana lenye maji kidogo, na sponji ikisimama humo ndani. Maji ya kuongeza yawe ya uvuguvugu, ukimwaga ya baridi unaangusha joto.

Siku ya 18 ukiacha kugeuza mayai, hapo ndipo unapandisha unyevu kwa nguvu, asilimia 65 hadi 75. Kabla ya hapo 45 hadi 55 inatosha.

MamaNeema_Veyula
Asante sana kaka, hiyo ya uso wa maji sikuwahi kuambiwa na mtu. Kibeseni changu ni kidogo na ni kirefu kwenda chini. Lakini mbona kipimo kinasema 55 muda wote, hata mchana wa upepo?

AfisaMifugo_Mstaafu
Kipimo kinachosimama namba moja usiku na mchana kwa Dodoma ya sasa, kitilie shaka. Kijaribu hivi, ni kazi ya usiku mmoja. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, weka chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka hicho kifuniko pamoja na kipimo ndani ya chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, kipimo kisiguse chumvi. Acha mpaka asubuhi bila kufungua. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi inatulia kwenye asilimia 75. Kipimo chako kikisema 90, kinazidisha kwa 15, na hiyo 55 yako huenda ni 40. Vile vya bei ndogo vinavyobandikwa kwenye mashine nimekuta vimepotoka kuliko hivyo. Kama kisensa kimezamishwa ndani ya mashine na hakichomoki, nunua kingine cha kuweka ndani, ukijaribu hicho.

Jambo la pili, ambalo naliona kubwa: mayai juu ya kabati, chini ya bati, siku kumi. Mama, hapo mengine yanaanza kuharibika kabla hujawasha mashine. Joto likipita nyuzi 24 hivi kiini cha uhai kinaanza kukua kidogo kidogo, usiku wa baridi kinasimama, mchana kinaanza tena. Kinadhoofika. Na muda wote huo yai linapoteza maji ambayo hata huyahesabu. Usivushe siku 7. Na ukavu huo huo unaoutesa unaweza kukufanyia kazi hapa: weka mchanga kwenye beseni, uloweshe, weka trei juu ya vipande vya matofali ili mayai yasiguse maji, funika kwa gunia lililolowa na kukamuliwa, liwe chumba chenye kivuli na upepo. Hewa kavu inanyonya maji ya gunia haraka na mle ndani kunapoa kweli kweli. Ncha nyembamba ielekee chini.

La tatu ni kufungua mashine. Najua inauma kuvisikia vinalia. Lakini ukifungua kumsaidia mmoja, mvuke wote unatoka kwa pumzi moja, na wale wengine ambao tayari wametoboa, utando wao unakauka palepale. Unamwokoa mmoja na kuwafunga watano. Kuanzia siku ya 18 usifungue. Kifaranga kikishatoboa tundu la kwanza kinapumzika, mara nyingi saa 12 hadi 24, kinamalizia kuvuta kiini na damu ya kwenye utando. Huo si mkwamo. Hata kikitoka hakina njaa, kiini kilichobaki tumboni kinamtosha siku mbili na zaidi, kwa hiyo wakae humo mpaka manyoya yakauke.

Kama saa 24 zimepita tangu atoboe na hakuna maendeleo, fungua haraka, toa huyo mmoja, funga. Lowesha utando kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, banja ganda kidogo kidogo kuzunguka upande wa butu. Ukiona mshipa una damu, acha, mrudishe.

Mjukuu_wa_Kongwa
Nasoma kwa makini sana. Ningependa tusimsahau kuku mwenyewe. Kwetu Kongwa bibi yangu anatotolesha kiangazi chote na hana mashine. Anachimba kashimo kwenye kona ya banda, anatia mchanga, ananyunyizia maji mchangani, si kwenye mayai, halafu majani makavu juu. Kuku analalia mayai 10 hadi 13, si zaidi, ayafunike yote. Mchanga unaachia unyevu polepole kutoka chini. Siku za mwisho anaunyunyizia tena pembeni. Mayai viza anayopata ni ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Dada ukiwa na matetea yanayotaka kulalia, gawa. Mayai mengine mashine, mengine kuku, uanze siku moja. Vya mashine vikitoka unamwingizia tetea usiku gizani, asubuhi anavichukua vyote kama vyake.

Mfugaji_Manyoni
Hiyo naiunga mkono kabisa. Ila hakikisha tetea hana utitiri kabla hujamlaza. Kiangazi utitiri unazaana vibaya, unamfanya aache kiota, na vifaranga vichanga vinanyonywa damu mpaka vinapauka.

Kitui_Kienyeji
Hamjambo ndugu zetu. Mimi nafuga Kitui, Kenya, ukame wenu ndio wetu. Niongeze upande wa kulea, kwa sababu naona wengi wamekazania mashine.

Wale wenye miguu mikavu wanaosinzia wameishiwa maji mwilini. Kifaranga akitoka kwenye mashine, cha kwanza ni maji, kabla ya chakula. Maji ya uvuguvugu yenye glukosi kidogo. Mshike mmoja mmoja, mchovye ncha ya mdomo, ukimwona ameinua kichwa na kumeza, mwachie. Wengine watamuiga. Chombo kiwe na kina kidogo na utie vijiwe, wasizame. Halafu mchana badilisha maji mara kadhaa, maana kwa joto hili yakipata moto wanayakataa, na kifaranga asiyekunywa hali.

Joto: wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wao, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Lakini usilinde kipimo usiku kucha, waangalie wenyewe. Wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kuachama, wanaungua. Huku kwetu mchana mara nyingi nazima kabisa, saa moja jioni nawasha. Kosa ninaloliona kwa majirani ni kuacha jiko la makaa linawaka kwenye chumba kilichofungwa sababu ya upepo. Ile hewa ya makaa inaua vifaranga na inaua mtu. Acha nafasi ya hewa juu, ziba chini ambako upepo unawapiga.

Vumbi nalo. Usitandike maranda laini kama unga, tandika pumba za mpunga au maranda makubwa. Sakafu nje ya bruda (sehemu yenye joto la kulelea vifaranga) nyunyizia maji kabla ya kufagia. Na kila asubuhi geuza kifaranga uangalie nyuma, kinyesi kikiganda kikaziba, lainisha kwa maji ya moto kiasi na uondoe taratibu, usivute.

MamaNeema_Veyula
Jamani mmenifungua macho, Mungu awabariki. Jana usiku nilifanya lile jaribio la chumvi. Asubuhi kipimo kimesema 93! Kwa hiyo hiyo 55 ilikuwa kama 37. Leo nimeweka sinia la chai na sponji mbili, na mayai nimeyahamishia kwenye mchanga chini ya gunia.

Mawili yamebaki. Chakula cha vifaranga cha dukani bei imepanda, naweza kupunguza makali vipi? Na chanjo nianze lini, maana mwaka jana kideri (Newcastle) kilipita mtaani kwetu kikafagia.

Mfugaji_Manyoni
Wiki tatu za kwanza usibane, wape cha dukani, ndipo wanajenga mwili. Baada ya hapo changanya pumba za mahindi au mtama uliobarazwa, mashudu ya alizeti, na dagaa waliosagwa, dagaa wasio na chumvi nyingi. Na tega mchwa. Jaza chungu samadi kavu ya ng'ombe na mabua, lowesha, kipindue jioni juu ya tundu la mchwa, funika kwa majani. Kachukue alfajiri kabla jua halijakolea, ukichelewa wamesharudi chini. Vifaranga wanawapigania, na ni protini ya bure.

AfisaMifugo_Mstaafu
Kideri usisubiri, kinapenda sana miezi hii. Chanjo yake iitwayo I-2 inavumilia joto kuliko nyingine, tone moja jichoni. Anza siku ya 7, rudia wiki ya tatu au ya nne, halafu kila miezi mitatu maisha yao yote. Chanja na wakubwa wote siku hiyo hiyo. Chanjo ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa vifaranga, siku ya 14. Ndui, kwa sindano ya bawa, wiki ya 6 hadi ya 8, wahi kabla mvua hazijaleta mbu.

Chanjo yoyote ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa, usitumie maji ya bomba yaliyotiwa klorini, inaua chanjo. Chota maji ya kisima au ya mvua. Wanyime maji kwa muda wa saa moja au mbili, asubuhi na mapema, si mchana kwa joto la Veyula, kisha wape kiasi wanachoweza kumaliza ndani ya saa moja au mbili, kivulini. Ukinunua chanjo dukani, uliza imekaa kwenye friji tangu lini, na angalia tarehe mwenyewe.